Dagaa zetu ni production, product au produce?

SWALI: Mwalimu habari, sisi ni kikundi cha akina mama tunakausha dagaa Kirumba, Mwanza, na kuuza pale soko la samaki la Mwaloni. Kuna mnunuzi wa nje anataka barua ya Kiingereza. Kijana wa steshenari katuandikia "our productions are dagaa", mwenzie kasema iwe "our produces". Tufuate ipi?

JIBU: Salama dada. Msifuate hata moja, andikeni "our products". Dagaa zikishakaushwa na kufungashwa ni product, yaani bidhaa. Produce likiwa nomino haliwekwi s na kwa kawaida ni mazao ya shamba, kama machungwa ya Ukerewe, na mkazo unaanzia mwanzoni, PRO.

Ila hiyo production ndo inanichosha, naikuta kila wiki kwenye barua za watu. Mtu kakariri kwamba production ni uzalishaji, basi anaibandika popote. Production ni ile kazi yenyewe ya kutengeneza, au kiasi kinachotoka, na kwa maana hiyo haihesabiki. Unaweza kusema "production drops when the moon is full" na hapo Mwaloni kila mtu anakuelewa, mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri kwahiyo na nyie mnakosa cha kukausha. Ukishaweka s maana inahama, productions ni filamu, vipindi vya redio, michezo ya jukwaani, ndo maana watu wa video wanajiita hivyo. Huyo mnunuzi anaweza kujiuliza kama kweli mnauza samaki.

Halafu kuna "on production of your ID", hii ipo kwenye fomu nyingi na inatisha watu bure. Hapo hakuna kinachotengenezwa, maana yake ukionyesha kitambulisho. Neno limetoka Kilatini, producere, kuleta mbele, kwahiyo kutoa mzigo na kutoa kitambulisho mfukoni ni neno lilelile.

Sasa jamani hizi kozi za Kiingereza ndani ya mwezi mmoja, unapewa karatasi ya maneno, huku Kiswahili huku Kiingereza, unakariri, unalipa hela yako, hao wanawaibia! Neno linajifunzwa ndani ya sentensi. Na mbaya zaidi ni mikataba inayopitishwa kwenye simu ikatafsiriwa hivyohivyo halafu watu wanasaini, mtu ana tani 2 stoo anaandika "our production is 2 tonnes", mnunuzi anaelewa ndo uwezo wenu, anauliza ni kwa wiki au kwa mwezi, na mkisaini bila kufafanua mtadaiwa mzigo ambao hamna. Mzigo uliopo stoo ni stock. Uwezo wenu ni production capacity, na hapo lazima muandike kwa muda gani, mfano "per month", na mpige hesabu mkikumbuka zile siku za mbalamwezi.