Wote wanaitikia kikaoni, halafu kimya

Dada wa Newala, Mtwara, umesema mnataka wasichana wasiache shule. Mmeita halmashauri, shirika, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na walimu, wote wakaitikia, na miezi inapita kimya. Sishangai. Vikao vya namna hiyo mara nyingi huishia kwenye posho na picha.

Hujamtaja nyakanga, mkuu wa unyago, hata mara moja. Kwenye unyago, mama na binti wanamsikiliza yeye kuliko afisa elimu. Mfuate nyumbani kwake, bila bango wala kamera. Usimwambie aache mila, atakufukuza na atakuwa na haki. Mwombe ngoma ichezwe likizo, na mwali atoke kabla shule hazijafunguliwa. Hilo analiweza, na heshima yake inabaki palepale.

AMCOS wafuateni kabla ya msimu, sio korosho zikishapita mnadani na kila mzazi ameshapanga hela yake. Ombeni ajenda mkutano mkuu wa wanachama, afisa ushirika awepo: makato kidogo kwa kilo, kwa ajili ya chakula cha mchana shuleni. Mwenyekiti akikukubalia pembeni tu, hesabu hamna kitu.

Halmashauri waombeni jambo moja. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Basi mtendaji wa kata na mwalimu mkuu waandike orodha ya walioacha shule, wawafuatilie majumbani. Shirika lilipe nauli (hela ya semina huwa hawakosi).

Kila mmoja asaini alichoahidi na tarehe. Karatasi ibaki kwa mtendaji wa kijiji, sio kwenu.