Waafrika na vita vya Makaburu: nani aliulizwa?

Swali lenu la wiki hii, "Waafrika walikuwa upande gani katika vita vya Makaburu na Waingereza vya 1899 hadi 1902?", limenigusa. Jibu langu: hawakuwa na upande. Walikokotwa.

Nimekulia Morogoro, jirani na Mazimbu, enzi zile wapigania uhuru wa ANC, chama cha Afrika Kusini, wana shule pale. Fundi seremala mmoja, mzee wa Transvaal, iliyokuwa nchi ya Makaburu huko Afrika Kusini, alikuwa akinisimulia habari za babu yake huku akipiga randa. Babu huyo alikuwa kibarua wa Kaburu. Tajiri alipoitwa vitani, naye akafuata nyuma akiongoza farasi wa akiba. Agterryer, ndivyo Makaburu walivyowaita watu hao. Kukicha achote maji, akoke moto, achemshe kahawa, atandike farasi. Mapigano yakianza apakie risasi, amkabidhi bwana bunduki. Bwana alipopigwa risasi ya paja, babu alimfunga kwa shati lake mwenyewe, akambeba usiku kucha. Nikauliza, "Mzee, mbona hakutoroka?" Akasimamisha randa. "Mwanangu, mkewe na watoto walikuwa wapi? Shambani kwa Kaburu huyohuyo." Baadaye Waingereza wakachoma shamba lile na familia ikapelekwa katika kambi ya kuzuilia raia. Watoto wawili walifia humo. Katika kambi za weusi, vifo vilivyoandikwa tu vinapita 14,000.

Lakini nikiandika haya nawakumbuka Wabarolong, Waafrika wa Mafeking, mji wa Waingereza uliokuwa umezingirwa na Makaburu. Mei 12, 1900, Makaburu wa kamanda Eloff walipopenya kupitia makazi yao, Wabarolong waliwaacha wapite, kisha wakawafungia njia nyuma. Na hao ni watu ambao Baden-Powell, kamanda wa Waingereza mjini humo, alikuwa akiwapunja chakula ili Wazungu washibe! Wakgatla wa chifu Linchwe nao walishambulia kambi ya Makaburu ya Derdepoort Novemba 1899, kisha wakateka ng'ombe wa Makaburu kwa maelfu. Hawa hakuna aliyewakokota. Walikuwa na kisasi chao cha ardhi na viboko, wakakilipa.

Basi siwezi kushikilia neno langu la mwanzo. Wengi waliopata nafasi ya kuchagua walimchagua Mwingereza, nami siwalaumu, ijapokuwa aliwasaliti: kifungu cha 8 cha mkataba wa Vereeniging uliomaliza vita, Mei 1902, kiliahirisha suala la kura ya weusi mpaka Makaburu wapewe serikali yao. Ila babu wa yule fundi msimhesabu upande wowote. Yeye hakuulizwa.