Maswali ya Hesabu: MAGAZIJUTO, Saa na Faida

SWALI: Mwanangu wa darasa la tano alipewa 10 − 4 + 3. Alifuata MAGAZIJUTO, akajumlisha kwanza, akapata 3. Mwalimu kamkosesha. Si kanuni inasema kujumlisha kunatangulia kutoa? – Mzazi, Morogoro

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, jibu ni 9. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) husaidia kukumbuka, lakini silabi mbili za mwisho zinaponza watoto wengi. Kujumlisha na kutoa vina ngazi moja; vikibaki peke yake, tunakwenda kutoka kushoto kwenda kulia: 10 − 4 = 6, kisha 6 + 3 = 9.

Mtoto aliunganisha 4 na 3 zikawa 7, akatoa zote. Yaani ile 3 iliyotakiwa kuongezwa, yeye kaitoa. Mzoeze kuzungushia duara kila namba pamoja na alama iliyo kushoto kwake: 10, −4, +3. Akishafanya hivyo, hata akipanga upya kuwa 10 + 3 − 4, bado atapata 9.

Kugawanya na kuzidisha navyo ni ngazi moja. 24 ÷ 4 × 2 ni 12. Anayezidisha kwanza hupata 3. Angalia pia 48 ÷ 6 ÷ 2, ambayo MAGAZIJUTO haisemi lolote juu yake: ni 8 ÷ 2 = 4. Anayeanzia kulia huandika 16.

Mpime kwa hili: 20 − 2 × (7 − 4) + 6 ÷ 3. Mabano yanatoa 3, kugawanya kunatoa 2, kuzidisha kunatoa 6. Inabaki 20 − 6 + 2 = 16. Akileta 12, kosa ni lilelile la kujumlisha kwanza.

SWALI: Basi liliondoka saa 2:45 usiku, likafika saa 11:20 alfajiri. Nilipata saa 8 na dakika 75. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi wa darasa la sita, Tanga

JIBU: Umekopa 100 badala ya 60. Dakika 20 haitoshi kutoa 45, kwa hiyo unakopa saa 1 kutoka kwenye 11, zinabaki 10. Saa hiyo ni dakika 60: 60 + 20 = 80. Sasa 80 − 45 = 35, na 10 − 2 = 8. Safari ilichukua saa 8 na dakika 35. Jibu lolote lenye dakika 60 au zaidi, lirudie.

Kuna mtego mwingine ambao hujauuliza ila utakutana nao: kutoka saa 10:30 jioni hadi saa 1:15 usiku. Saa 1 ni ndogo kuliko 10, basi ongeza 12 iwe 13:15. Kopa: 12:75 − 10:30 = saa 2 na dakika 45.

SWALI: Nimenunua kitu kwa shilingi 8,000 nikauza 10,000. Faida ni asilimia 20 au 25? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ni 25. Faida ya 2,000 hugawanywa kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia: 2,000 ÷ 8,000 × 100. Hakiki kwa kurudi nyuma: asilimia 20 ya 8,000 ni 1,600 tu, ungeuza 9,600.