Msomaji Auliza: Je, Nirudishe Kitambulisho cha Mkimbizi?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, nimeishi Nairobi miaka tisa pamoja na wanangu watatu, na nina kitambulisho cha mkimbizi. Ninashona nguo na kuuza vitenge Kayole. Hivi karibuni kijana mmoja anayejiita wakala alitujia kanisani akasema kwamba, kwa kuwa Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mkimbizi anaweza kurudisha kitambulisho chake, akachukua pasipoti ya kwao, kisha akafanya kazi Kenya bila kusumbuliwa. Anataka shilingi 15,000 kwa kila mtu, na wenzangu wawili wamekwisha kulipa. Je, asemayo ni kweli? Na kama sheria inaturuhusu kufanya kazi, mbona kila siku ninahangaishwa? – Mama N., Nairobi

JIBU: Mama N., nusu ya maneno ya kijana huyo imo katika sheria, na ndiyo maana yanaaminika upesi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi anayetoka katika nchi mwanachama wa Jumuiya kuiacha hadhi yake kwa hiari ili apate manufaa ya Jumuiya. Bunge lilipoipitisha sheria hiyo, Kongo na Somalia zilikuwa bado nje. Kongo ilijiunga 2022 na Somalia 2024, ilhali Sudan Kusini ilikuwamo tangu 2016. Hivyo maneno yaliyoonekana kuwahusu watu wachache sasa yanawagusa wengi wa wakimbizi zaidi ya 800,000 walioko Kenya, nami sishangai kwamba mawakala wamekwisha kuinusa biashara hiyo.

Asilolisema kijana ni kile unachokiacha. Kifungu cha 29 cha sheria hiyohiyo kinakataza mkimbizi kurudishwa mahali ambako maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Ukishaacha hadhi ya ukimbizi unabaki mgeni kama wageni wengine, na ukaaji wako utategemea pasipoti na kibali. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayotumika tangu 2010, inawapa wananchi wa Jumuiya uhuru wa kusafiri na kufanya kazi, lakini inaiachia nchi mwenyeji nafasi ya kuuwekea uhuru huo mipaka kwa sababu za usalama, afya na maslahi ya umma. Kibali kikikataliwa, au muda wake ukiisha kisihuishwe, utaambiwa urudi kwenu, na kwenu ni Kivu Kusini, ambako mji wa Bukavu ulitekwa na waasi wa M23 Februari 2025.

Pasipoti yenyewe ina mtego wake. Chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mtu anayejirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa dola aliyoikimbia huhesabiwa kuwa haihitaji tena hadhi ya ukimbizi, na kwenda ubalozini kuomba pasipoti kunaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo hatua hiyo. Kama baadaye utataka kuhamishiwa nchi ya tatu, isiyo Kenya wala Kongo, mlango huo nao utakuwa umeufunga mwenyewe.

Kuhusu kazi, kifungu cha 28 kinampa mkimbizi haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, na kufanya taaluma ambayo vyeti vyake vinatambuliwa Kenya. Anayetaka kuajiriwa huomba kibali cha kazi cha daraja M, ambacho hakilipiwi ada. Kwa nini basi unahangaishwa? Kwa sababu sera ya kuwaweka wakimbizi kambini haijawahi kuondoka kabisa. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Shirika la Kituo cha Sheria likaenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 amri hiyo ikatenguliwa. Haikupita hata mwaka, Aprili 2014, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch ukawakusanya maelfu ya watu katika uwanja wa Kasarani. Askari aliyefundishwa kazi katika miaka hiyo hawezi kuisahau kwa sababu tu sheria mpya imechapishwa. Tena sheria hiyo mpya bado inatambua maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya wakimbizi. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Ni nia njema, ila mtu aliyesajiliwa kambini bado huhitaji ruhusa ya kusafiri.

Hata hivyo, tenganisha mambo mawili. Ukisumbuliwa na kanjo, yaani askari wa kaunti, kwa kupanga vitenge kando ya barabara bila leseni ya kaunti, hilo huwapata pia Wakenya, na dawa yake ni leseni. Ukisumbuliwa na polisi kwa kuwa ni mkimbizi, onyesha kitambulisho. Sheria inakipa angalau hadhi ileile ya cheti cha usajili wa mgeni. Hakikisha hakijapita muda, na kwamba kumbukumbu zake zinaonyesha umesajiliwa Nairobi, maana huko ndiko matatizo mengi huanzia.

Usilipe chochote wala usitie saini karatasi yoyote ya kijana huyo. Wenzako, kama hawajarudisha vitambulisho vyao, wamepoteza fedha tu, nao waripoti polisi kwamba wamelaghaiwa. Ikiwa wameshavirudisha, waende wiki hii hii Kituo cha Sheria au Refugee Consortium of Kenya, ambako msaada wa kisheria hutolewa bure. Wewe pia nenda, upeleke swali ambalo hukuniuliza: wanao watatu wameandikishwa chini ya faili lako, na ukiacha hadhi yako wao watabaki na hadhi gani?