Urea inapotea hewani: mkaa wa pumba unasaidia, majivu yanaharibu

Mkuu, umeuliza kama ukichanganya urea na majivu au mkaa wa pumba za mpunga utapunguza nitrojeni inayopotea. Nalima mahindi huku Mbarali kwenye udongo wa kichanga, na mambo haya nayafanya kila msimu. Mkaa ndiyo, kwa masharti. Majivu usithubutu.

Mfuko wa kilo 50 wa urea una nitrojeni kilo 23. Punje ikipata unyevu, kimeng'enya kiitwacho yurease, ambacho kimo kwenye udongo na kimejaa zaidi kwenye mabua yanayooza, huivunja ikawa amonia, ambayo ndiyo imebeba ile nitrojeni. Udongo unaoizunguka punje nao unageuka wa magadi kwa muda, na magadi yakizidi amonia inakuwa gesi na kupaa. Jua kali na upepo vinamalizia kazi. Majivu nayo ni magadi, kwa hiyo ukiyachanganya na urea unaifukuza mbolea shambani.

Jaribu mwenyewe. Chukua chupa mbili, tia udongo wenye unyevu kutoka shamba lako na kijiko cha urea kila moja. Moja iongezee majivu ya jikoni, zote zifunge vizuri. Baada ya siku chache zifungue ukiwa nje, usisogeze uso. Ya majivu itakuchoma pua. Harufu hiyo ndiyo nitrojeni uliyoilipia.

Mkaa wa pumba unafanya kazi tofauti: una vitundu vingi vinavyoshikilia amonia, na udongo wa kichanga una uwezo mdogo sana wa hivyo. Lakini pumba ukiziacha ziungue mpaka mwisho unabaki na majivu meupe. Zikishakuwa nyeusi tu, mwagia maji mengi, geuza kwa koleo, mwagia tena, maana moto hujificha katikati ya rundo. Mkaa mpya nao huwa na magadi kiasi, hivyo mimi huuchanganya na samadi na kuuacha uive pamoja na mboji wiki kadhaa. Kisha nautia kwenye mashimo wakati wa kupanda, siyo siku ya kuweka urea ya kukuzia. Pumba mbichi usifukie ukitegemea matokeo hayo hayo. Vijidudu vinavyoziozesha vitakula nitrojeni ya mahindi yako kwanza.

Hata hivyo, mkaa hauokoi urea iliyomwagwa juu ya ardhi. Hapa ndipo wengi tunapopoteza hela. Chimba kishimo cha sentimita 5 hadi 7, kando kidogo ya shina, tia mbolea, fukia. Amonia ikitoka chini inanaswa na udongo na ule mkaa kabla haijafika juu. Usipoweza kufukia, subiri siku yenye dalili ya mvua ya kutosha kuizamisha. Manyunyu ni hasara tupu, yanaiyeyusha urea na kuiacha palepale juu. Na gawa mara mbili, mahindi yakifika magotini na tena kabla ya mbelewele, kwa sababu mchanga hauhifadhi.

Utasikia pia watu wakitaja mwarobaini: India tangu 2015 urea yote ya kilimo inapakwa mafuta yake. Lakini mafuta hayo hasa huchelewesha amonia kugeuka naitreti, yaani aina ya nitrojeni inayooshwa na mvua, kwa hiyo ukipaka bado lazima ufukie.

Zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vidogo, nayo inanasa amonia vizuri sana, ila kwa mahindi ya ekari moja mbili sioni gharama yake ikirudi wakati pumba zimejaa nyuma ya kila mashine ya kukoboa.