Nilivyonunua Haluwa ya Baraza Zima: Ushauri kwa Wanaopanga Vikosi vya Muda Wote

Juzi msomaji mmoja wa Malindi aliniandikia ujumbe mrefu. Yeye na kaka yake ni mashabiki wa Houston Rockets, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani, na kila mmoja amepanga kikosi chake cha muda wote: wachezaji 12 bora kutoka timu ilipoanzishwa San Diego mwaka 1967, ikahamia Houston mwaka 1971, mpaka leo. Wamebishana hadi hawali tena sinia moja. Ananiomba: "Kaka, wewe ndiye bingwa wa mambo haya. Nipe orodha nimnyamazishe."

Ujumbe ule ulinigusa penye kidonda. Bingwa nilikuwa. Ramadhani iliyopita nilivuliwa ubingwa mbele ya watu, na timu iliyoniangusha ni hiyo hiyo Houston. Lakini najua wengi wenu mnataka kushinda mabishano haya kama ninavyotaka mimi, kwa hiyo nitaeleza yote, hata yale ninayoyaonea haya.

Kwetu Langoni, mjini Lamu, tuna desturi. Kila Ramadhani, baada ya tarawehe, tunapiga kura kuchagua timu moja ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Anayetaka kushindana anapewa siku tatu kuandaa majina. Siku ikifika tunakaa barazani, muuza kahawa anatua dele lake, na kila mmoja anakitetea kikosi chake mbele ya wazee watatu. Wazee huuliza, kisha hukata shauri. Anayeshindwa fainali hununua haluwa ya baraza zima. Mwaka wa Lakers nilishinda mimi. Mwaka wa Bulls nilishinda mimi. Ilifika watu wakipita karakanani kwangu, ninapochonga milango, hawaniiti tena fundi, wananiita Kocha.

Kura ilipoangukia Houston nilijiona nimeshamaliza kazi. Hiyo ndiyo timu ya utoto wangu. Nilikuwa na miaka tisa mjomba wangu, aliyekuwa baharia, aliporudi safari na kanda ya video ya fainali za 1994. Tuliitazama kwa jirani mwenye televisheni, watoto tumebanana mkekani. Ndipo nilipomwona mara ya kwanza Hakeem Olajuwon, mtu wa Lagos, jezi namba 34, akigeuka kulia, akigeuka kushoto, mlinzi wake akibaki kukumbatia hewa. Mjomba akasema: "Huyu Ramadhani hucheza na saumu yake." Tulimgeukia wote. Kwa watoto wa Lamu neno hilo lilikuwa kubwa kuliko kombe. Ukubwani nikaja kusoma kwamba Ramadhani ya 1995 iliangukia Februari, na Februari hiyo Olajuwon ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mwezi wa ligi nzima.

Basi nikaandaa kikosi kwa kiburi cha mtu anayejua. Kuanza: James Harden, Clyde Drexler, Tracy McGrady, Charles Barkley na Olajuwon. Benchi: Moses Malone, Yao Ming, Scottie Pippen, Chris Paul, Russell Westbrook, Dwight Howard na Kevin Durant. Yasome tena majina hayo. Niliyachapisha kwenye karatasi nzito, kila jina na wastani wake wa pointi mkabala.

Fainali ilinikutanisha na kijana wa Wiyoni anayebeba mizigo kwa punda kutoka gatini. Alikuja na ukurasa uliochanwa daftarini, maandishi ya penseli. Akasoma: Kenny Smith, Drexler, Mario Elie, Robert Horry, Olajuwon. Nilicheka kwa sauti. Kisha akasoma benchi: Harden, Malone, Calvin Murphy, Rudy Tomjanovich, Yao, McGrady, Shane Battier. Harden benchi! Nikacheka tena.

Ami, mzee mkubwa kuliko wote pale, aliyewahi kucheza basketi Mombasa enzi za ujana wake, alinianza mimi.

"Mwanangu, huyu Pippen alicheza Houston misimu mingapi?"

"Mmoja, ami." Na ulikuwa msimu wa 1999, uliokatwa ukawa wa mechi 50.

"Westbrook?"

"Mmoja."

"Durant?"

Nikamwambia amefika 2025.

"Na Barkley, ile tuzo yake ya mchezaji bora wa msimu aliipata akiwa wapi?"

"Phoenix, mwaka 1993."

Ami akaweka finjani yake chini. "Basi umenitajia wageni wa harusi. Mimi nauliza wenye nyumba."

Hapo moto ulinipanda masikioni. Nikashika karatasi yangu na kuanza kusoma namba. Harden, msimu wa 2018/19, wastani wa pointi 36.1 kwa mechi. Wazee walinyamaza wakinitazama. Ami akaniuliza swali moja tu la mwisho: "Mpira ni moya. Harden anautaka, Paul anautaka, Westbrook anautaka, McGrady anautaka. Nani atakaa bila mpira asinune?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekusanya majina, sikuwa nimepanga timu.

Kijana alipopewa nafasi aliomba kipande cha mkaa kwa muuza kahawa, akapiga magoti na kuchora uwanja chini, hapo hapo kichochoroni. Akaweka kokwa ya tende chini ya kikapu. Huyu Olajuwon. Akaweka kokwa mbili kando yake. Hawa wanaomkaba. Kisha akaweka nne kwenye mstari wa pointi tatu, akatuuliza: wa timu pinzani wamebaki wangapi wa kuwakaba hawa wanne? Watatu. Basi mmoja wetu yuko peke yake, kila mara, mchezo mzima. Akasimulia mechi ya saba, ya kuamua, kule Phoenix mwaka 1995, Houston waliyoifikia baada ya kuwa nyuma mechi 3 kwa 1. Matokeo 110 kwa 110, zimebaki sekunde saba hivi, mpira ukavuka uwanja kutoka upande wa pili, ukamkuta Mario Elie kona ya kushoto. Alisogeza kokwa ya Elie kwa kidole kimoja, taratibu. Akatupa, ikaingia, Houston wakashinda 115 kwa 114. Timu hiyo iliingia mtoano ikiwa ya sita upande wa Magharibi na ikatoka na kombe, ikiwafunga Orlando Magic mechi nne kwa bila. Hakuna timu iliyoanzia chini hivyo ikawa bingwa.

Kuhusu Harden alisema: mwaka 2012, akiwa Oklahoma City, alipewa tuzo ya mchezaji bora anayeingia kutoka benchi. Kazi anaijua.

Wazee wawili walimpa kijana, mmoja akanipa mimi. Nilikunja karatasi yangu nikaondoka bila kumpa mkono. Nalieleza hili kwa sababu limeniuma kuliko kushindwa kwenyewe.

Njiani, napita Mkunguni mbele ya ngome, nikakumbuka jambo lililonisimamisha. Msimu wa 1994/95 ligi ilikuwa imeusogeza mstari wa pointi tatu karibu na kikapu, na ukabaki hivyo kwa misimu mitatu. Mbona sikusema? Kombe la 1995 lilichukuliwa kwa mstari mfupi! Nilitaka kurudi mbio. Nilipofika nyumbani nikapitia vipimo, nikaona ningeaibika mara mbili: kilichosogezwa ni kule juu, mbele ya kikapu, si kona. Kona ilikuwa mita 6.7 kabla ya hapo, na ni mita 6.7 mpaka leo. Elie alitupia kona. Hoja yangu ilikuwa imekufa kabla sijaitamka.

Sasa ushauri, ndugu yangu wa Malindi, na wengine wote mnaonisoma.

Kabla hujaandika jina lolote, kubalianeni na kaka yako mnahesabu nini. Mnahesabu mchezaji alivyokuwa maishani mwake, au alivyokuwa ndani ya jezi ile? Mimi sasa nasema jezi, na sitarudi nyuma. Pippen ni mkubwa, lakini ukubwa wake uko Chicago. Moses Malone, kinyume chake, alipata tuzo ya mchezaji bora wa msimu mara mbili akiwa Houston, 1979 na 1982, na mwaka 1981 aliifikisha fainali timu iliyokuwa imeshinda mechi 40 na kupoteza 42. Huyo ni mwenye nyumba. Murphy naye, mtu wa urefu wa mita 1.75 tu, alicheza maisha yake yote pale, kuanzia 1970 hadi 1983, na msimu wa 1980/81 kati ya mitupo huru 215 aliingiza 206. Huyo ni mwenye nyumba. Mimi nilimwacha nje kwa ajili ya Westbrook. Jezi kwanza, kisha jina.

Pili, anza na mmoja, wengine wamfuate yeye. Mimi fundi wa milango, na nilipaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote barazani. Mlango wa mbao una mfaa katikati, na mbao za pande zote mbili hupimwa kwa mfaa huo. Sichukui ubao kwa sababu ni mzuri dukani. Mfaa wa Houston ni Olajuwon. Msimu wa 1993/94 alikuwa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora wa ligi na mchezaji bora wa fainali, vyote pamoja, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo katika msimu mmoja. Ukishamsimamisha, jiulize kila jina linalofuata: atamfaa? Barkley anataka kusimama pale pale anaposimama yeye. Horry anakaa mbali, anatupa, anakaba, haombi mpira. Nilichagua Barkley. Msichague kama mimi.

Tatu, namba zenu mzichunge. Ligi ilianza kuhesabu mipira inayozuiwa msimu wa 1973/74, na mtupo wa pointi tatu ulianza 1979/80. Elvin Hayes, wa enzi za San Diego, aliongoza ligi kwa kufunga katika msimu wake wa kwanza, 1968/69, wastani wa 28.4, na mipira aliyoizuia miaka ile haimo katika daftari lolote. Ukimpima kwa jedwali utamdhulumu. Msimdhulumu mtu kwa sababu alizaliwa mapema.

Na tazameni mechi nzima! Hili nalisema kwa uchungu. Wengi wetu tunapanga vikosi kwa vipande vya sekunde thelathini kwenye simu. McGrady wa 9 Desemba 2004, pointi 13 ndani ya sekunde 33, Houston 81, San Antonio 80: kila mtu amekiona kipande hicho. Ni kizuri, mimi mwenyewe nimekiona mara zisizo na idadi. Lakini kipande hakikuonyeshi nani aliyekaba dakika arubaini na saba kabla yake. Mechi ya Houston ya saa moja jioni kwao, majira ya baridi, kwetu ni saa kumi alfajiri. Mtu anayeamka kula daku anaweza kuamka. Yule kijana huamka. Mimi nilikuwa nalala, naangalia matokeo asubuhi, kisha najiita Kocha.

La mwisho ni adabu. Wapeni mkono waliowashinda. Asubuhi ya pili yule kijana aliniletea mbao zangu kutoka gatini, kama kwamba hakuna kilichotokea. Akamfunga punda mlangoni, akanisalimia "Shikamoo, kaka" kama siku zote. Nilishindwa kumtazama. Nilimwomba radhi, kisha nikamwomba ule ukurasa wake. Akautoa mfukoni, umekunjwa mara nne, una doa la kahawa. Jioni nikanunua haluwa, kilo mbili, nikaigawa kwa mkono wangu mwenyewe, yeye wa kwanza.

Ukurasa ule nimeubandika karakanani. Si kwamba nakubaliana nao wote. Harden hakai benchi kwangu. Namtoa Kenny Smith, namweka yeye, na nitamwambia mbele ya watu kwamba asiyeupenda mpira mikononi mwa Harden hakumtazama akiwa mchezaji bora wa msimu mwaka 2018. Hilo nalipigania. Kwa Tomjanovich nilibisha, kisha nikanyamaza. Mtu aliyevunjwa uso uwanjani tarehe 9 Desemba 1977, akarudi kucheza, kisha akaja kuwa kocha wa makombe yote mawili, la 1994 na la 1995, nani atamtoa?

Ila jina la kumi na mbili nililiangalia kwa karibu kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya Battier kuna jina lililofutwa: Mutombo. Penseli imekandamizwa mpaka karatasi imeingia ndani. Namwelewa. Mwaka 2008 Houston walishinda mechi 22 mfululizo; Yao aliumia baada ya ile ya 12, na Dikembe Mutombo, mtu wa Kongo mwenye miaka 41, akashika nafasi ya senta mechi 10 zilizobaki. Battier naye alikuwemo. Ndugu yangu wa Malindi, niandikie wewe na kaka yako mmemweka nani hapo. Mimi na kijana tunakutana Ijumaa baada ya Isha, na bado sijaamua.