Kompyuta ya nyumbani na barua pepe: kwa nini nakwambia uweke Thunderbird

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Manyoni aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, nataka kuchora ramani za nyumba kama wewe. Niweke programu gani ya barua pepe, au nibaki na brauza tu?" Marahaba, mdogo wangu. Nilikujibu kwa neno moja, Thunderbird, kwa kuwa nilikuwa kazini. Jibu kamili ni hili, na liwafae wengine mnaofanyia kazi zenu nyumbani.

Mimi nachora ramani hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia huku, viwanja vimepimwa mpaka kwenye yaliyokuwa mashamba ya uwele na mtama, na kila mwenye kiwanja anatafuta ramani. Wateja wangu wengi wako Dar es Salaam na Mwanza, wengine nje ya nchi, na baadhi yao hatujawahi kuonana. Mchoro wa kwanza, masahihisho, "ongeza stoo", "mlango wa jiko usitazamane na sebule", vyote hupita kwenye barua pepe. Ile barua ya mwisho, ambayo mteja anaandika kwamba amekubali, ndiyo mkataba wangu.

Mwezi uliopita mteja mmoja alikuja nyumbani amefura kwa hasira, na fundi wake wa ujenzi nyuma yake. Nyumba yake ya Ilazo imefika kwenye lenta, na anadai nimepunguza baraza la nyuma bila kumuuliza. Alitaka nichore upya bure, tena nilipie tofali zitakazobomolewa. Asubuhi hiyo mtandao ulikuwa umekata mtaa mzima, kwenye simu hakifunguki kitu. Nikawakaribisha wakae. Nikawasha kompyuta, nikafungua Thunderbird, nikaandika jina lake kwenye sehemu ya kutafutia. Barua zetu zote zikajipanga, na kati yake ile aliyoandika kwa mkono wake kwamba baraza lipunguzwe ili gari lipite kwenda nyuma. Mchoro alioutia alama nyekundu ukafunguka hapohapo. Akasoma, akampa fundi wake naye asome. Aliniomba radhi mbele ya wanangu, na salio alilokuwa amelishikilia akalilipa siku ileile. Nilijiona mtaalamu kweli, na nastahili kujiona hivyo.

Kilichoniokoa ni kwamba barua zilikuwa ndani ya kompyuta yangu. Ukitumia Gmail kwa brauza, barua ziko kwenye seva za Google, yaani kompyuta zake za mbali, na mtandao ukikata huna chako. Chrome inaweza kukuwekea za kusoma bila mtandao, lakini ni za siku 7, 30 au 90 tu, na ugomvi wa ujenzi huzuka mwaka wa pili au wa tatu. Thunderbird iliyounganishwa kwa IMAP, yaani njia inayolinganisha barua za kwenye kompyuta na za kwenye seva, hushusha nakala za barua zote kwenye diski yako, na zile za kwenye seva zinabaki palepale. Angalia tu kwamba ukifuta barua huku, na kule inafutika.

POP, njia ya zamani ya kushusha barua, ni habari nyingine, na hapo nina kidonda. Enzi za Outlook Express, programu ya barua iliyokuja na Windows XP, fundi mmoja wa mjini aliniwekea POP bila kunieleza chochote. Kila barua iliyoshuka kwangu ilifutwa kwenye seva. Baadaye kompyuta ikawa nzito, nikampelekea huyohuyo, akaifomati bila kuuliza ndani kuna nini. Barua za marehemu kaka yangu, alizoniandikia kutoka India alikokwenda kutibiwa moyo, zikaishia hapo. Alikuwa akinisimulia wagonjwa wenzake, madaktari, na jinsi anavyoutamani mlenda wa mama. Fundi akaniambia, "Si ungesema?" Mpaka leo nikifika mtaa ule navuka upande wa pili.

Fundi anayefomati kompyuta ya mtu bila kuuliza hajui kazi, na msimpe kazi. Chagueni IMAP. Na muwe na nakala nje ya kompyuta, kila mwezi, bila kusubiri iharibike.

Najua wapo wa Outlook, programu ya barua ya Microsoft. Ile inayokuja na Office ni nzuri, ila ni ya kulipia, na faili lake la PST, linalotunza barua, limetengenezwa kwa ajili ya Outlook yenyewe. Outlook mpya ya bure inayokuja na Windows 11 ina matangazo, na ukiiwekea Gmail, barua zako zinapitia na kwenye seva za Microsoft. Programu ya Mail ya Windows 10 ilizimwa 31 Desemba 2024, na walioitegemea wakashindwa kutuma wala kupokea kwayo. Kabla yake ilikufa Windows Live Mail, na kabla ya hiyo Outlook Express. eM Client, programu nyingine ya barua, inapendeza, lakini toleo lake la bure si la biashara.

Thunderbird toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2004 chini ya Mozilla. Bado ni ya bure, inaendelezwa kwa michango ya watumiaji, na inakubali Windows, Mac na Linux. Barua inazihifadhi kwenye faili za mbox, ambazo ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo hata siku ikifungwa, programu nyingine zitazisoma. Kwangu mimi hii inashinda urembo wote.

Ndugu zangu, tunataka wateja wa mbali watuamini, na huku tunakubaliana mambo ya mamilioni kwa sauti za WhatsApp. Acheni. Mwombe mteja akuandikie barua pepe, hata mistari miwili, na uitunze. Asiyetaka kuandika anachokubali, usimchoree.

Sasa mdogo wangu, fanya hivi. Pakua Thunderbird kwenye tovuti yake yenyewe, andika anwani yako ya Gmail, chagua IMAP. Litafunguka dirisha la Google, ingiza pasiwedi humo. Mara ya kwanza itashusha barua zote, kwa hiyo iache ifanye hivyo kwa bando la usiku, la sivyo bando lako la wiki litaisha kabla ya saa sita mchana. Zikishashuka, ifunge programu. Andika %appdata% kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, ingia kwenye folda ya Thunderbird, nakili folda nzima ya Profiles uipeleke kwenye fleshi. Kila mwisho wa mwezi nakili tena. Kwa akaunti moja, fleshi ya GB 32 inatosha kuanzia, maana Gmail ya bure ina nafasi ya GB 15, na humo zimo hata picha zako na mafaili ya Drive.